Nasaba za Nyarugusu Ziandikwe Pande Mbili

Mwanafunzi wa sekondari anayesoma elimu ya viumbe hufundishwa habari za Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, aliyepanda njegere bustanini, akahesabu mimea mirefu na mifupi, na mwaka 1866 akachapisha kanuni za urithi ambazo zinasomwa hadi leo. Akiulizwa katika mtihani, mwanafunzi huyo ataeleza kizazi cha kwanza na cha pili cha njegere hizo pasipo kusitasita. Lakini akiulizwa jina la mama aliyemzaa bibi yake, mara nyingi atanyamaza. Ameijua nasaba ya njegere za ugenini, na nasaba yake mwenyewe haijui.

Madhumuni ya makala haya ni kutoa hoja kwamba nasaba ni somo la sayansi kama yalivyo masomo mengine; kwamba shule za sekondari za ukanda wa dhahabu hazina budi kuifundisha kwa vitendo; na kwamba kila nasaba iandikwe pande mbili, upande wa baba na upande wa mama, kwa uzito ulio sawa. Nyarugusu imechaguliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali palipokusanya watu kutoka kila upande. Pili, katika mikoa ya ukanda huo, kutozijua kanuni za urithi kumekwisha kugharimu maisha ya watu.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kuwa Nyarugusu inayozungumzwa hapa si ile kambi ya wakimbizi ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Ni Nyarugusu ya wachimbaji dhahabu, katika Wilaya ya Geita, ambayo ilikuwa chini ya Mkoa wa Mwanza hadi ulipoundwa Mkoa wa Geita mwaka 2012. Nchi ya Geita zamani ilihesabiwa kuwa sehemu ya Buzinza, nchi ya Wazinza na ya mafundi chuma walioitwa Warongo. Wakati wa ukoloni Wasukuma wengi walihamia huko kutoka mashariki ya Ghuba ya Mwanza, ambako watu na ng'ombe walikuwa wamezidi ardhi. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanzishwa mwaka 1947, ulikusudia pamoja na mambo mengine kuifungua Geita kwa makazi, baada ya kufyekwa vichaka vilivyokuwa maskani ya mbung'o. Kabla ya hapo, mwaka 1936, mgodi wa Geita ulikuwa umeanza kazi, nao uliendelea kuvuta vibarua mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Kisha, kuanzia miaka ya 1980, likafuata wimbi la wachimbaji wadogo waliokwenda kila palipozuka rashi, kila mmoja akitafuta duara lake.

Kwa hiyo katika nyumba moja ya Nyarugusu babu aweza kuwa amezaliwa Kwimba, bibi akawa Mzinza wa hapo hapo, na mama akawa ametoka Kigoma au Bukoba. Neno mlowezi limezoeleka kutajwa kwa Mzungu mwenye shamba, lakini maana yake ya asili ni mtu aliyelowea mahali, akakaa akawa mwenyeji. Kwa maana hiyo, walowezi wa Nyarugusu ni wazazi wetu na babu zetu wenyewe, na historia ya kulowea kwao bado haijaandikwa.

Ipo tofauti kubwa kati ya walowezi hao na wale wa Kizungu, nayo ni karatasi. Tumtazame John Williamson, mtaalamu wa miamba aliyezaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1907, na kugundua almasi ya Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940. Alipofariki Januari 1958 hakuwa na mke wala mtoto. Hata hivyo warithi wake hawakutafutwa kwa ramli. Ndugu zake walijulikana, wakarithi, na mwaka huo huo mgodi ukauzwa kwa kampuni ya De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kibarua wa migodi ya enzi hiyo alikuwa na kipande cha kazi na jina moja katika daftari la mishahara. Usajili wa vizazi na vifo uliwekewa sheria mwaka 1920, lakini kwa Waafrika walio wengi haukuwa wa lazima. Kibarua huyo alipofia ugenini, nasaba yake ilibaki katika vichwa vya waliomfahamu, nao walipofariki wakaondoka nayo.

Je, kuwa na karatasi kunatosha? Jibu la swali hili linapatikana Marekani, ambako kufuatilia nasaba za walowezi wa enzi ya ukoloni ni shughuli kubwa. Tangu mwaka 1897 kuna chama cha watu waliotokana na abiria wa merikebu Mayflower, iliyofika huko mwaka 1620, na anayetaka kuingia hana budi kuthibitisha kila kizazi kilichomtenga na abiria huyo. Pamoja na bidii hiyo yote, nasaba ya mojawapo ya familia mashuhuri za walowezi iliandikwa nusu kwa muda mrefu mno.

Familia hiyo ni ya Thomas Jefferson wa Virginia, aliyezaliwa mwaka 1743, akawa rais wa tatu wa nchi hiyo na kufariki mwaka 1826. Katika milki yake alikuwamo mtumwa mwanamke, Sally Hemings. Mmoja wa wana wa mama huyo, Madison Hemings, alitamka gazetini mwaka 1873 kwamba baba yake alikuwa Jefferson, na wazao wa Hemings walirithishana habari hiyo. Wanahistoria wengi waliikataa kwa kuwa haikuwamo katika vitabu vya familia. Mwaka 1998 wanasayansi waliamua kuipima. Walitumia kromosomu Y, ambayo mwanamume huirithi kwa baba yake na kumpa mwanawe wa kiume karibu bila mabadiliko. Jefferson hakuacha mtoto wa kiume wa ndoa. Kwa hiyo walichukua damu ya wanaume waliotokana na Field Jefferson, ndugu wa baba yake. Alama zao zililingana na za mwanamume aliyetokana na Eston Hemings, mtoto wa mwisho wa Sally. Hazikulingana na za wazao wa Thomas Woodson, ambao nao walikuwa na masimulizi kwamba babu yao alizaliwa na Jefferson.

Mwalimu na azingatie mambo mawili katika habari hii. La kwanza ni kwamba simulizi moja lilithibitishwa na lingine halikuthibitishwa, ingawa yote mawili yalisimuliwa kwa moyo mmoja. La pili ni kwamba damu peke yake haikumaliza shauri, kwa kuwa kromosomu ile ile alikuwa nayo pia mdogo wake Jefferson, Randolph. Ilibidi zirudiwe hati zilizoonyesha siku ambazo Jefferson alikuwapo nyumbani, nazo zikaonekana kuafikiana na wakati Sally alipochukua mimba. Hivyo nasaba ina mashahidi watatu: neno la wazee, maandishi, na damu. Kila shahidi huhojiwa, na hakuna anayeaminiwa peke yake.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Masimulizi ya pwani, yakiwemo ya Kilwa, yalieleza kwamba watawala wa kale walitoka Shirazi, na wataalamu walibishana kwa miaka mingi kuhusu madai hayo. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao kutoka miji ya Waswahili kama vile Mtwapa, Manda na Kilwa. Ilionekana kwamba watu wengi kati ya hao walikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi, iliyoingia kwa upande wa wanaume kuanzia karibu mwaka 1000, na asili ya Afrika iliyotoka hasa kwa wanawake, ambayo kwa wengi ilizidi nusu. Masimulizi hayakuwa uongo; yalikuwa nusu. Yaliwahifadhi mababa waliokuja kwa jahazi, yakawasahau mama waliowapokea. Wamarekani walimwacha mama kwa sababu alikuwa mtumwa, na watu wa pwani kwa sababu hakuwa wa kujivunia. Sisi wa bara tuna desturi gani?

Katika Usukuma mahari ya ng'ombe ndiyo iliyomweka mtoto katika ukoo wa baba. Pasipo mahari, mtoto alihesabiwa kwa upande wa mama. Tena hapo kale, katika sehemu nyingi za Usukuma, utemi ulirithiwa na mtoto wa dada ya mtemi, na ni baadaye, wakati wa ukoloni, ulipoanza kupita kwa mwana wa mtemi mwenyewe. Anayeisoma orodha ya watemi wa zamani akidhani kila jina ni mwana wa jina lililotangulia, atakosea. Desturi hizi zinatufundisha kwamba ukoo wa kijamii na urithi wa mwili ni mambo mawili. Ukoo hueleza mtu ni wa nani, anarithi wapi na atazikwa wapi. Urithi wa mwili hueleza jeni zake zimetoka kwa nani. Yote mawili ni kweli, wala moja halifuti jingine, bali mwandishi wa nasaba hana budi kusema ni lipi analoliandika.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mwanafunzi na aanze na nafsi yake, apande kizazi baada ya kizazi. Kwa kawaida ya wanasayansi, mwanamume huwakilishwa kwa mraba na mwanamke kwa duara, si duara la mchimbaji bali la mchoro. Mstari wa kulala huwaunganisha wazazi, na mstari wa kushuka huonyesha watoto. Wazee waulizwe kwa adabu, kila mmoja peke yake, kisha maelezo yao yalinganishwe. Wakitofautiana, yaandikwe yote mawili.

Mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa asilazimishwe kuutaja. Aulizwe alikuwa na umri gani matukio yanayofahamika yalipotokea: Uhuru wa mwaka 1961, kufutwa kwa utemi mwaka 1963, Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976, Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, au kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Mama anayesema alikuwa amebeba mtoto mgongoni siku walipohamishiwa kijijini ametoa tarehe iliyo karibu kutosha, naye hakuhitaji karatasi. Kisha zitafutwe hati: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, leseni ya uchimbaji, daftari za ubatizo za misheni ambazo huandika majina ya wazazi wote wawili, na kwa wanaoweza kufika Dar es Salaam, majalada ya enzi ya ukoloni yaliyomo katika Nyaraka za Taifa. Wenye asili ya Buzinza au Buhaya waulize pia mwiko wa ukoo, yaani mnyama au kitu ambacho ukoo wao hauli. Mtu huweza kusahau kijiji cha babu yake, asisahau alichokatazwa kula. Mwisho, kila jina litiwe alama inayoonyesha limetoka kwa shahidi gani. Lililosemwa na mtu mmoja tu libaki na alama ya kuuliza hadi apatikane wa pili.

Huenda msomaji akauliza, mbona nasisitiza upande wa mama wakati ukoo una jina la baba? Hesabu ndiyo inayodai hivyo. Kila mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, na waliowatangulia 8. Idadi hiyo huongezeka maradufu kila kizazi, hata kizazi cha 10 nafasi zikawa 1,024, na kizazi cha 20, ambacho kwa makadirio ya miaka 25 kwa kizazi ni miaka 500 iliyopita, zikawa 1,048,576. Kwa kuwa watu walioana na jamaa zao wa mbali, baadhi ya nafasi hizo hujazwa na mtu yule yule mara nyingi, na koo zinazodhaniwa kuwa mbalimbali hukutana huko nyuma. Anayeandika upande wa baba tu, baba wa baba na kuendelea, katika kizazi cha 10 atakuwa ameandika nafasi 1 na kuacha 1,023. Katika fani nyingine yoyote, mtafiti anayetupa takwimu zake zote ila moja tungemrudisha darasani.

Kuacha huko hakuishii kwenye daftari. Mtoto mwenye ualbino azaliwapo kwa wazazi ambao ngozi zao ni nyeusi, mara nyingi mama ndiye anayelaumiwa. Huambiwa amezini, au amerogwa, au ukoo wake una laana, na wengine huachwa na waume zao. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 mambo yalizidi ubaya: katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Mwanza na Shinyanga ikiwemo, watu wenye ualbino waliuawa na wengine kukatwa viungo, kwa imani ya uongo kwamba viungo hivyo huleta utajiri, dhahabu na samaki. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Marufuku ni jambo jema, lakini ramli hustawi palipo na swali lisilojibiwa. Swali ni hili: mtoto huyu ametoka wapi? Jibu lake limo katika nasaba.

Katika nchi yetu ualbino wa aina iliyo ya kawaida hutokana na mabadiliko katika jeni iitwayo OCA2, iliyomo katika kromosomu ya 15. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja iliyobadilika haonyeshi dalili yoyote. Ni mbebaji tu, na nakala hiyo yaweza kupita vizazi vingi kimya kimya. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye ualbino. Basi mtoto huyo amerithi kwa baba kama alivyorithi kwa mama, sawa kwa sawa. Badala ya kuwa ushahidi wa uzinzi, kuzaliwa kwake kwaonyesha kwamba nyumba zote mbili zilikuwa na nakala hiyo.

Wanafunzi waweza kuhesabu wenyewe wabebaji ni wangapi, kwa kutumia kanuni ya Hardy na Weinberg ya mwaka 1908. Inakadiriwa kwamba nchini Tanzania mtu 1 katika kila 1,400 hivi ana ualbino. Kipeuo cha pili cha 1,400 ni takriban 37. Maana yake nakala 1 kati ya kila 37 za jeni imebadilika. Kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili, wabebaji ni kama 2 kati ya 37, yaani karibu mtu 1 katika kila 19. Makadirio haya huchukulia kwamba watu huoana bila mpango maalumu, na ni ya wastani wa nchi nzima. Hata hivyo yanatosha kueleza kwamba katika darasa la wanafunzi 40, wawili hivi huenda ni wabebaji, nao hawajijui. Anayemnyooshea kidole jirani yake hana hakika kama si yeye. Njia hii hii yafaa kwa seli mundu, ugonjwa mwingine unaorithiwa kwa wazazi wote wawili na ulio mwingi katika mikoa ya Ziwa.

Zipo hoja za kupinga, nazo ni za kuheshimiwa. Wengine watasema kuandika nasaba ni kufufua ukabila. Ni kweli kwamba taifa letu lilichagua kwa busara kutoulizana makabila, na sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho iliyouliza swali hilo. Lakini ukabila hulishwa na nasaba ya nusu, ile inayofuata jina moja na kusahau mengine 1,023. Nasaba kamili ya mtoto wa Nyarugusu itaonyesha Usukuma, Buzinza, Buha na Buhaya katika ukurasa mmoja, na itamwia vigumu mwenye daftari hilo kumwambia mwenzake kuwa ni mtu wa kuja.

Wengine wataogopa kwamba kazi hii itafichua siri za nyumba. Hofu hiyo ina haki yake. Mwalimu asimlazimishe mwanafunzi kutaja asichotaka, wala daftari lisisomwe mbele ya darasa bila ridhaa. Yatima, na mtoto asiyemjua baba yake, waruhusiwe kuandika nasaba ya waliowalea. Na kupima uzazi si kazi ya shule. Vipimo vya vinasaba hufanywa chini ya sheria ya mwaka 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye mwenye dhamana. Sisi tunafundisha kanuni, hatuamui mashauri ya ndoa.

Ninapendekeza basi kwamba shule za Nyarugusu na za ukanda wote, kutoka Geita hadi Shinyanga, zitenge muhula mmoja ambapo somo la historia na somo la viumbe litaungana katika kazi hii. Kila mwanafunzi aandike vizazi vinne, pande mbili, na nakala ibaki nyumbani kwake. Gharama yake ni daftari moja na kalamu. Haraka inahitajika, kwani waliovuka ghuba wakiwa vijana katika miaka ya 1950 sasa ni wazee wa zaidi ya miaka 80, na mgodini kila mtu anajua kwamba duara likishaporomoka, kilichomo ndani hakitoki kwa urahisi. Wazee hao waulizwe likizo ijayo, na swali la kwanza liwe jina la mama.